Huduma kwa Wote na Masharti ya Taarifa

Masharti ya taarifa, katika sheria za mawasiliano za Marekani, ni wajibu wa kampuni ya simu inayopokea ruzuku ya huduma kwa wote kuieleza serikali, kwa fomu maalumu na kwa tarehe iliyopangwa, fedha hizo zimefanya kazi gani. Watu wa sekta hiyo huyaita makaratasi tu, ingawa siku hizi mengi hujazwa mtandaoni. Kampuni isiyojaza hailipwi, au hulipwa pungufu.

Wajibu huo haueleweki bila dhana inayoubeba. Istilahi ya Kiingereza universal service ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Theodore Vail, rais wa kampuni ya AT&T, naye alikusudia jambo jingine kabisa: mtandao mmoja uliounganika, badala ya kampuni nyingi ambazo wateja wao hawakuweza kupigiana simu. Maana ya leo, kwamba kila mkazi popote alipo apate simu kwa bei anayoimudu, ilikomaa baadaye. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 ilitaja lengo la kuwafikishia watu wote wa Marekani mawasiliano kadiri iwezekanavyo. Sheria ya mwaka 1996, katika kifungu cha 254, ndiyo iliyoweka misingi ya mfuko unaotoa ruzuku hiyo. Inataka bei na huduma za vijijini zikaribiane na za mjini, na inaagiza kwamba anayepokea ruzuku aitumie kwa kutoa, kutunza na kuboresha huduma iliyokusudiwa, si kwa jambo jingine. Agizo hilo fupi ndilo mzazi wa fomu zote zilizofuata, kwa sababu hakuna namna ya kulisimamia bila kuuliza.

Fedha zenyewe hazitoki katika bajeti ya serikali. Kampuni za mawasiliano hukatwa sehemu ya mapato yao ya simu za kati ya majimbo na za kimataifa, kwa asilimia inayotangazwa kila robo mwaka, nazo kwa kawaida humwongezea mteja kiasi hicho kwenye ankara yake. Kwa kuwa mapato hayo yamekuwa yakishuka huku mahitaji ya mfuko yakibaki makubwa, asilimia hiyo imepanda mno. Katika miaka ya karibuni imepita 30. Ukusanyaji na ulipaji hufanywa na shirika lisilo la faida, USAC, lililoanzishwa mwaka 1997, chini ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, yaani FCC. Kisheria makato hayo huitwa mchango. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo linapotosha, maana mchango hutolewa kwa hiari, kama wa harusi au msiba, na huu ni wa lazima. Tozo ni neno linalofaa zaidi. Walioupinga mfuko waliuita kodi iliyowekwa bila mamlaka ya Bunge, lakini Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani iliukubali utaratibu huo kwa kura 6 dhidi ya 3.

Makaratasi huanza kabla ya ruzuku. Kampuni lazima kwanza itambuliwe kuwa mtoa huduma mstahiki, na kwa kawaida anayetoa hadhi hiyo ni tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma. Jimbo likiwa halina mamlaka juu ya kampuni hiyo, kazi hurudi kwa FCC. Mstahiki hutakiwa kutoa huduma katika eneo lote alilopewa, si kwenye mitaa yenye wateja wazuri peke yake, na kuitangaza hadharani pamoja na bei zake.

Baada ya hapo huja Fomu 481, inayowasilishwa kila mwaka ifikapo Julai 1. Maswali yake yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha serikali inaogopa nini. Moja linahusu dharura. Ofisa wa kampuni huthibitisha kwamba umeme ukikatika mitambo itaendelea kufanya kazi kwa akiba ya kutosha ya nishati, kwamba njia moja ikiharibika mawasiliano yatapitishwa kwingine, na kwamba mtandao utahimili wingi wa simu wakati wa janga. Jingine huuliza kama bei inayotozwa kijijini haizidi kiwango cha kulinganishia ambacho FCC hukitoa kutokana na bei za mjini. Kampuni zinazohudumia ardhi za makabila ya Wenyeji wa Marekani hueleza zilivyoshauriana na serikali za makabila hayo. Kampuni ndogo za watu binafsi ambazo ruzuku yake hukokotolewa kwa gharama na faida iliyoruhusiwa hutakiwa pia kuonyesha hali yake ya kifedha, jambo ambalo zilizo kwenye soko la hisa tayari hulifanya kwa njia nyingine.

Kwa kampuni zinazolipwa ili kujenga intaneti ya kasi, swali limekuwa la wazi zaidi. Kila nyumba iliyofikiwa huingizwa kwenye kanzidata ya USAC ikiwa na anwani, latitudo na longitudo yake, tarehe ilipofikiwa na kasi inayopatikana hapo, na taarifa za mwaka uliopita hufungwa Machi 1. Tofauti yake na ripoti za zamani ni kubwa. Zamani kampuni iliweza kuandika kwamba imeboresha huduma katika wilaya fulani, na mkaguzi akakosa pa kuanzia. Sasa mkaguzi ana nukta kwenye ramani. Anaweza kwenda mpaka mlangoni, na akikuta ghala bovu mahali palipoandikwa makazi, kosa ni bayana. Hii ndiyo sehemu ya masharti iliyoleta manufaa ya kweli.

Majimbo nayo huthibitisha kila mwaka, ifikapo Oktoba 1, kwamba kampuni zilizo chini yao zimetumia na zitatumia ruzuku kwa kazi yake. Jimbo likinyamaza, kampuni husika huumia. Aliyechelewa kuwasilisha hupunguziwa malipo kwa kadiri ya siku alizochelewa, na nyaraka zote za kuthibitisha matumizi hutunzwa kwa miaka 10.

Serikali inayouliza nayo imewekewa masharti. Sheria ya Kupunguza Makaratasi, iliyotungwa mwaka 1980 na kuandikwa upya mwaka 1995, huanza kufanya kazi mara idara inapotaka kuuliza maswali yaleyale kwa watu au taasisi 10 au zaidi. Kitendo hicho kina jina rasmi: ukusanyaji wa taarifa. Idara hutangaza kusudio lake katika gazeti la serikali, huwapa wananchi siku 60 za kutoa maoni, kisha hupeleka ombi kwa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, na hapo hufunguliwa tena siku 30 za maoni. Katika tangazo lazima ikadirie mzigo: wangapi watajibu, kila jibu litachukua saa ngapi, na gharama yake yote ni kiasi gani. Kibali hakizidi miaka mitatu, na fomu hupewa namba ambayo lazima ionekane juu yake. Namba za FCC huanza na 3060. Fomu isiyo na namba halali haiwezi kuwa sababu ya kumwadhibu aliyekataa kuijaza, isipokuwa wajibu wenyewe ukiwa umewekwa na Bunge moja kwa moja. Kwa kuwa FCC ni tume huru, sheria inairuhusu kuupita uamuzi wa Ofisi hiyo wa kuikatalia ombi, kwa kura ya wajumbe walio wengi.

Mzigo huo si maneno ya bure. Kampuni kubwa ina idara nzima ya wanasheria. Chama cha ushirika cha simu chenye wateja mia kadhaa kinaweza kuwa na mhasibu mmoja, naye ndiye anayejaza fomu zote. Mwaka 2017 FCC iliondoa baadhi ya maswali ya Fomu 481, yakiwemo ya kukatika kwa huduma, maombi ya wateja yasiyotimizwa na idadi ya malalamiko. Kampuni zilipumua. Lakini maswali hayo ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na mteja, na katika kupunguza mzigo inafaa yaondolewe kwanza yale ambayo jibu lake halisomwi na mtu.

Kwa Kiswahili, upande wa dhana una msamiati uliokwisha kukaa. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 na ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku kwa kampuni zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezifikisha. Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa mfuko wa Marekani jina la Kenya linafaa zaidi, kwa kuwa huduma hubeba pia bei na ubora, ambavyo fomu huviuliza. Universal haifai kufanywa ya ulimwengu wala ya jumla: la kwanza huipeleka huduma nje ya mipaka ya nchi, la pili huifanya ionekane ya juujuu.

Upande wa fomu bado haujatulia. Ukusanyaji wa taarifa unafaa kuachiwa kitendo cha serikali, kama sheria yake inavyokitaja, na masharti ya taarifa yawe jina la wajibu wa kampuni. Mzigo ubaki mzigo. Neno urasimu lisitumike hapa kabisa: hilo ni neno la kulaumu, na fomu inayomwezesha mlipa ankara wa Chicago kujua kama nyumba fulani ya Montana imefikiwa haistahili kulaumiwa kabla haijasomwa.