Mtende wa Yudea katika Sarafu za Shaba za Roma

Kaisari Augustus alipoupanga upya mfumo wa fedha wa Roma, yapata mwaka 23 kabla ya Kristo, sarafu za thamani ndogo zilifuliwa kwa namna mbili za shaba: sestertius na dupondius zilikuwa za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ilhali as ilikuwa ya shaba nyekundu. Sestertius 4 zilitosha dinari moja ya fedha, na kwa kuwa kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi, uso wake mpana ulimwachia mchongaji nafasi ambayo dinari haikuwa nayo. Juu yake zilichapwa herufi S C, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa azimio la Seneti", ingawa mamlaka yenyewe yalikuwa mikononi mwa kaisari.

Aliyeutumia uso huo kwa ustadi mkubwa ni Vespasianus, jemadari aliyetawazwa na majeshi mwaka 69, ambaye hakuwa wa ukoo wa Augustus na hivyo alihitaji ushindi wa kuuhalalisha utawala wake. Mwanawe Titus alipouteka Yerusalemu mwaka 70, ushindi ulipatikana, na mwaka uliofuata zikatolewa sestertius zenye mtende katikati: upande mmoja wa mti kaisari amesimama na mkuki, mguu wake ukikanyaga kofia ya vita, upande wa pili mwanamke, ambaye ndiye Yudea yenyewe, ameketi chini ameshika tama. Maandishi yanayouzunguka mchoro, IVDAEA CAPTA, yanasema kwamba Yudea imetekwa. Ikumbukwe kwamba nchi hiyo ilikuwa chini ya maliwali wa Kirumi tangu mwaka 6. Kilichotokea kilikuwa kuzimwa kwa uasi, lakini sarafu ilikitangaza kana kwamba ni nchi mpya iliyotwaliwa.

Wayahudi hawakuuacha mtende huo kwa Roma. Katika vita vya mwaka 132 hadi 135, wafuasi wa Simon bar Kokhba walizikusanya sarafu zilizokuwa zikitumika, wakazisugua za shaba kwa tupa hadi sura ya kaisari ikafutika, kisha wakazipiga chapa yao: upande mmoja jani la mzabibu, upande wa pili mtende wa makuti 7, usio na mateka chini yake, na baadhi yake zikaandikwa kwa Kiebrania "kwa uhuru wa Yerusalemu".