Sanamu inayogeuka rangi bahari inapopata joto

SANAMU ya msichana iliyosimikwa majini, hatua chache kutoka ufukwe wa mji wa Townsville, kaskazini mashariki mwa Australia, hubadilika rangi usiku kulingana na joto la bahari.

Maji yakiwa ya baridi huwaka buluu. Yakizidi kupata joto huelekea rangi nyekundu. Taarifa za joto hilo hutoka katika kituo cha vipimo kilichopo kwenye mwamba wa matumbawe wa Davies, mbali na pwani.

Sanamu hiyo, Ocean Siren, ilisimikwa mwishoni mwa mwaka 2019 na Mwingereza Jason deCaires Taylor, kwa sura ya msichana wa jamii ya Wulgurukaba, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Matumbawe, ambayo wengi hudhani ni mawe, ni wanyama wanaolishwa na mwani mdogo sana uishio ndani ya miili yao. Joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa takriban nyuzi moja tu ya Selsiasi, kwa wiki kadhaa, mwani huo hutoka na matumbawe hupauka. Hali hiyo ikiendelea hufa kwa njaa, na samaki waliojificha humo hukosa makao.

Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Kenya na Tanzania. Nchini Australia yalipauka kwa wingi mwaka 2016, 2017, 2020, 2022, 2024 na 2025.

Taylor alianza kuzamisha sanamu mwaka 2006 katika ghuba ya Molinere, kisiwani Grenada. Baadaye aliweka mamia nyingine karibu na Cancún, Mexico, zilizofinyangwa kwa saruji isiyodhuru viumbe, ili matumbawe yaote juu yake na wazamiaji wapungue katika miamba ya asili. Hapo sanaa ilifanya kazi ya mlinzi, jambo ambalo majumba ya makumbusho ya nchi kavu hayawezi kujivunia.

Si kila mahali zilikopokelewa kwa shangwe. Katika visiwa vya Maldivi, sanamu zake zenye umbo la binadamu zilivunjwa na polisi Septemba 2018, kwa amri ya mahakama, kwa hoja kuwa zinakiuka imani ya Kiislamu.

Kuna pia swali gumu zaidi. Watalii huzifikia nyingi kati ya sanamu hizo kwa ndege na boti, vyombo vinavyochoma mafuta yaleyale yanayoipasha bahari joto. Nayo matumbawe yaliyopandikizwa kwenye banda lake la chini ya maji, katika mwamba wa John Brewer, hayana kinga yoyote: maji yakipata moto, yatapauka kama yale ya jirani.