Mvua huonekana, upepo ndio hupotosha risasi

Watu wengi hudhani kwamba mvua ndiyo adui mkubwa wa mlenga shabaha wa masafa marefu. Matone yanaonekana, yanalowesha, yanasumbua. Lakini waulize wanaoshindana Bisley, Uingereza, watakwambia kinachowanyima usingizi ni upepo.

Bisley ni uwanja wa kulenga shabaha ulioko Surrey. Tangu 1890 ndiko kunakofanyika shindano la Tuzo ya Mfalme, lililoanzishwa 1860 kule Wimbledon. Katika fainali, washindani 100 hulala kifudifudi na kupiga kutoka yadi 900, kisha yadi 1,000, yaani mita 914. Hawaruhusiwi kutumia darubini juu ya bunduki.

Upepo hufanya nini?

Tuchukue upepo wa kubavuni wa kilomita 16 kwa saa. Kwetu pwani huo ni upepo wa kawaida tu wa alasiri. Kwa bunduki ya milimita 7.62 inayotumika huko, upepo huo huisogeza risasi takriban sentimita 16 katika yadi 300. Katika yadi 1,000 huisogeza zaidi ya mita mbili. Umbali umeongezeka mara tatu na ushei, lakini kosa limeongezeka zaidi ya mara kumi, kwa sababu risasi inazidi kupoteza kasi na kukaa hewani muda mrefu.

Mwelekeo pia una uzito wake. Upepo unaotoka mbele au nyuma hausogezi sana risasi pembeni. Unaokuja mshazari, katikati ya mbele na ubavu, una nguvu ya asilimia 70 hivi ya ule wa kubavuni.

Ukikosea makadirio kwa kilomita 3 tu kwa saa, risasi itahama kama sentimita 40 katika yadi 1,000. Hizo zinatosha kukutoa katikati ya shabaha, na mwaka mzima wa mazoezi ukapotea.

Mvua nayo?

Risasi inaweza kugonga matone njiani, lakini mashindano huendelea kwenye mvua na watu hupata alama za juu. Madhara ya mvua yako kwingine.

Kwanza, risasi au chemba ikilowa, shinikizo ndani ya bunduki hubadilika. Risasi inaweza kwenda juu kuliko ilivyokusudiwa, na hata bunduki kuharibika. Ndiyo maana wazoefu hufunika risasi na kufuta chemba kwa kitambaa.

Pili, mvua huficha upepo. Bendera za uwanjani zikilowa huwa nzito na kuning'inia, ukadhani upepo umetulia. Mazigazi, ile hewa ya joto inayocheza mbele ya darubini ya pembeni na kuonyesha upepo unakoelekea, hutoweka pia.

Na unyevu wa hewa? Wengi huamini hewa yenye unyevu ni nzito. Kwa kweli ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lile lile, na athari yake kwa risasi ni ndogo.

Kwa nini yatuhusu?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na bunduki ya raia ni lazima iwe na leseni. Anayelenga kihalali hulenga uwanjani, penye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya aina hii ikikosa kingo husafiri kilomita kadhaa, na huko mbele kuna mashamba na watu.

Nahodha wetu hatweki tanga kabla ya kutazama maji, miti na mawingu. Mlengaji naye ni vivyo hivyo. Asipoweza kuusoma upepo, aondoe kidole kwenye kifyatulio, asubiri.