Nani Alimfuata Mwenzake? Mzigo wa Uthibitisho katika Migogoro ya Hifadhi ya Barabara, Lusahunga hadi Rusumo

Katika migogoro ya fidia kando ya barabara kuu za Tanzania, swali moja huamua yote: mwananchi aliifuata barabara, au barabara ilimfuata mwananchi? Aliyefuatwa hulipwa, aliyeifuata huambiwa abomoe mwenyewe. Makala hii inadai kuwa swali hilo ni halali, lakini anayepaswa kulijibu kwa ushahidi ni mamlaka ya barabara.

Kwenye njia panda ya Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara ya Rusumo inaachana na ile ya Biharamulo mjini. Kilomita 92 za kutoka hapo hadi mpaka wa Rwanda, zinazopita Nyakahura na kuingia Ngara, zimo katika mradi wa uchukuzi unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ndiyo asili ya rangi mbili zilizozoeleka ukutani: X nyekundu kwa aliyemo ndani ya mita 22.5, asiyelipwa, na X ya kijani kwa aliyeangukia zile mita 7.5 za nyongeza. Vipimo huanzia katikati ya barabara. Kona ikinyooshwa, katikati nayo huhama, na shamba lililokuwa nje ya hifadhi hujikuta ndani bila mwenyewe kusogea hata hatua moja.

Mwenye shamba la namna hiyo mara nyingi hana hati. Kisheria, hilo halimnyimi haki. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali na kudai fidia inayostahili, na mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Uamuzi huo uliacha pengo, kwani ardhi tupu isiyoendelezwa haikuhesabiwa kuwa na thamani ya kufidiwa. Sheria za Ardhi za 1999 zililiziba: ardhi yenyewe ina thamani, na hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati iliyotolewa na serikali.

Kwa hiyo ushahidi wa nani alitangulia uko shambani: umri wa mibuni, mipaka wanayoitambua majirani, na zaidi ya yote makaburi. Serikali yenyewe, kwa sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969, inakubali kuwa kaburi haliondolewi kimyakimya. Basi kaburi la babu lililo ndani ya mita 22.5 na kutangulia barabara lina uzito kuliko X iliyochorwa jana.

Tatizo ni kuufikisha ushahidi huo mahakamani. Anayeishtaki serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe hata anaposhtakiwa wakala wa serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mkulima wa Lusahunga, maana yake ni safari ya Bukoba na gharama za wakili kwa ajili ya migomba michache.

Mamlaka zina hoja nzito: kumlipa kila aliyejenga hifadhini ni kuwaalika walanguzi waje kujenga vibanda mara tu mradi ukinusika. Hata hivyo dawa ya ulanguzi ni tarehe ya ukomo iliyotangazwa kijijini na mawe ya mpaka yanayoonekana. Baada ya hapo, anayejenga ajilaumu. Aidha masharti ya Benki ya Dunia yanataka hata asiye na haki kisheria alipwe jengo na mazao yake, japo si ardhi. Hivyo majirani wawili wenye X ya rangi moja wanaweza kutendewa tofauti kwa sababu tu barabara ya mmoja ni ya mkopo na ya mwingine ni ya bajeti ya ndani. Haki ya raia haiwezi kutegemea mfuko unaolipia barabara.

Kanuni inayofaa ni nyepesi. Mamlaka ya barabara ilete ramani ya upimaji na tangazo linaloonyesha hifadhi ilitengwa lini. Ikishindwa, mahakama ichukulie kuwa barabara ndiyo iliyomfuata mwananchi, naye alipwe.