Kuiva kwa Spageti Chini ya Mlima Kenya

Spageti, makaroni na jamii yake yote huiva kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja ndani ya sufuria. Wanga wa ngano hunyonya maji, huvimba na kulainika joto linapopita nyuzi 60 hivi. Protini ya ngano nayo hukaza na kuwa wavu unaoshika wanga huo usimwagike majini. Uzi huiva kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo ukiukata mapema utaona kidoa cheupe katikati, yaani unga ambao bado haujapata maji ya kutosha. Waitaliano wengi huepua kidoa hicho kinapokaribia kutoweka, uzi ukiwa bado unakinza jino. Nyumba nyingi za Nyeri, Karatina na Nanyuki huepua baadaye sana, uzi umeshanenepa na unakatika kwa kijiko.

Tofauti hiyo si ya ulimi pekee. Mlima una mkono wake humo. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi, kwa makadirio nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Nyeri, karibu mita 1,750 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Nanyuki ni chini ya hapo kidogo. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, maji yanatokota kwa fujo yakiwa na nyuzi 84 tu. Muda ulioandikwa kwenye pakiti humfaa mpishi ambaye maji yake yanakaribia 100. Mpishi wa Nyeri anayefuata dakika tisa za pakiti kwa uaminifu ataepua spageti ngumu kuliko alivyokusudia mwenye kiwanda. Inambidi aongeze dakika moja hadi tatu. Kuzidisha moto hakusaidii, kwani maji yakishachemka hayapandi joto tena, gesi tu ndiyo inayokwisha. Chumvi pia haibadilishi kitu upande huo: gramu 10 kwa lita moja ya maji hupandisha kiwango cha kuchemka kwa chini ya nyuzi 0.2. Chumvi ni ya ladha, na kwa ladha ni ya lazima.

Watu wa kula spageti ngumu hawakukosekana hapa. Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, wakaanzia Tuthu na baadaye wakajenga Mathari, Nyeri. Vita Kuu ya Pili ilileta maelfu ya wafungwa wa Kiitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 pamoja na wenzake wawili ili kupanda mlima, akafika Lenana na mwenzake mmoja, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waitaliano hao, alifariki Nairobi mwaka 1942 na amezikwa katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano huko Mathari. Hata hivyo upishi wao haukuwa kipimo cha jikoni mwa wenyeji.

Kipimo cha wenyeji ni githeri. Mahindi makavu na maharagwe huchemka kwa saa kadhaa, na zaidi kwa sababu ya hizo nyuzi 94; ndiyo maana sufuria ya presha, ambayo hapa huweza kufikisha joto karibu nyuzi 118, imependwa sana. Harage lisiloiva vizuri huumiza tumbo kweli, hasa lile jekundu, kwa sumu ambayo huisha kwa kuchemshwa sawasawa. Mukimo nao hupondwa hadi pasibaki punje inayobisha. Aliyelelewa na vyakula hivyo amefunzwa kwamba ugumu ni ubichi, na ubichi ni hatari. Anapoionja spageti yenye kiini kigumu na kuirudisha jikoni, anatumia sheria ya haki kabisa, iliyotungwa kwa ajili ya chakula kingine. Simwoni kuwa mshamba. Spageti huwa salama kuliwa kabla kidoa hakijaisha, lakini hilo halimlazimu mtu kuipenda hivyo, na mzee asiye na magego au mtoto anayeanza kula hana haja ya kubishana na uzi mgumu.

Unga nao una neno. Ngano inayolimwa Timau na Laikipia kwa kawaida ni ya mkate na chapati. Spageti ya ngano ya duramu ina wavu imara wa protini na huvumilia kusahaulika motoni. Ya ngano laini hupita kutoka ubichi hadi urojo upesi. Soma pakiti kabla ya kumlaumu mpishi.

Mchuzi ndio unaoamua mengine. Wengi huvunja nyuzi vipande, huzichemsha, huzisuuza kwa maji baridi, kisha huzikaanga na kitunguu, nyanya na hoho. Kusuuza husimamisha kuiva, ila huondoa wanga wa juu ambao ungeshika mchuzi. Mimi ningeepua mapema kwa dakika mbili na kumalizia kwenye mchuzi wenyewe, pamoja na upawa wa maji yaliyochemshia. Pwani hukaanga tambi nyembamba kwanza hadi zigeuke rangi ya dhahabu, ndipo huongeza tui, sukari na iliki. Hubaki zimeachana hata zikilainika. Isiolo, upande wa kaskazini wa mlima, Wasomali hula baasto, yaani spageti, na ndizi mbivu pembeni, na ulaini wa ndizi hufanya spageti iliyokaza kidogo ipendeze zaidi.

Kwa mwenye kisukari, spageti iliyokaza kidogo humeng'enywa polepole kuliko iliyorojeka, ingawa wingi wa sahani bado una uzito mkubwa zaidi. Na inayopikwa jioni kwa ajili ya kopo la mtoto la shule iepuliwe mapema kuliko ya kuliwa papo hapo, maana itaendelea kunyonya mchuzi usiku kucha na kupikwa mara ya pili asubuhi inapopashwa.