Mlio wa Breki Mjini Juba: Historia ya Chombo na Maneno Yake

Utangulizi

Lugha husafiri kwa njia nyingi. Kiswahili kilisafiri kwa majahazi, kwa misafara ya pembe na nguo, kwa kambi za askari, kwa reli, kwa redio na kwa darasa. Katika miaka ya karibuni kimesafiri pia kwa pikipiki, na mji mmoja unaodhihirisha jambo hilo ni Juba, makao makuu ya Sudani Kusini. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kifaa kimoja kidogo cha pikipiki, yaani breki ya dramu: namna kilivyobuniwa, jinsi kilivyofika ukingoni mwa Mto Nili, kwa nini hupiga kelele na vipi fundi hukinyamazisha. Tutaona kwamba historia ya kifaa hiki haiwezi kutenganishwa na historia ya maneno yake, na kwamba mwalimu wa Kiswahili atakayefundisha Juba ana la kujifunza gerejini.

Asili ya breki ya dramu

Magari ya kale ya kukokotwa na farasi yalizuiwa kwa gogo lililogandamizwa juu ya ukingo wa gurudumu. Gogo hilo lilitosha kwa mwendo wa farasi, lakini halikutosha kwa mwendo wa injini. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood, katika jimbo la Derbyshire lenye vilima vingi, alianza kutengeneza vitu vya kuongeza mkwaruzo katika breki za magari ya kukokotwa. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia alipoona wakulima wamefunga viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni yao ili ishike vizuri zaidi wakati wa kuteremka. Jina la bidhaa zake, Ferodo, limeundwa kwa kupangua herufi za jina lake na kuongeza moja.

Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alibuni breki ya dramu katika umbo tunalolijua. Katikati ya gurudumu mna chombo cha chuma cha mviringo, mfano wa sufuria, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Hiki ndicho dramu. Ndani yake mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, visivyozunguka. Kila kiatu kimevikwa utando wa kukwaruza, ambao hapa tutauita bitana kwa kuufananisha na bitana ya koti. Mpandaji anapokanyaga breki ya nyuma au kuvuta ya mbele, chuma kidogo kiitwacho kamu hugeuka na kuvitanua viatu hivyo mpaka bitana ikagusa ukuta wa dramu. Mwendo hugeuka joto, na pikipiki husimama.

Kuna jambo la werevu hapa. Kiatu kimoja huelekezwa upande ambao mzunguko wa dramu hukivuta na kukibana zaidi; kile cha pili husukumwa kuachia. Gurudumu lenyewe humsaidia mpandaji kulisimamisha. Kwa ajili hiyo breki ya dramu haihitaji nguvu nyingi wala mafuta ya kusukuma. Waya au ufito watosha.

Breki za namna hii zilienea katika pikipiki baina ya vita viwili vikuu. Honda Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958 na kuwa chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote duniani, ilikuwa na dramu mbele na nyuma. Mwaka 1969 kampuni hiyo hiyo ilitoa CB750 yenye breki ya sahani mbele, na tangu hapo pikipiki kubwa zikaanza kuiacha dramu. Lakini pikipiki za kazi hazikuiacha. Ni rahisi, hutengenezeka kwa spana chache, na kwa kuwa imefunikwa, matope hayaifikii kwa urahisi.

Njia mbili za kufikia Juba

Juba iko kwenye ukingo wa magharibi wa Nili Nyeupe. Waingereza waliujenga mji huu katika miaka ya 1920, karibu na vituo vya zamani vya Gondokoro na Lado. Tangu hapo umekuwa mahali pa kukutania. Kutoka kaskazini zilikuja meli za mtoni pamoja na Kiarabu. Kutoka kusini ilikuja barabara ya Nimule, mpakani mwa Uganda, pamoja na lugha za Afrika ya Mashariki.

Msomaji asidhani kwamba maneno yalikuja tu na hayakuondoka. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari waliobaki wa Emin Pasha, waliotoka jimbo la Ikweta, akawapeleka Uganda. Walikwenda na Kiarabu chao cha kambini. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera mjini Nairobi, ambao Kinubi chao ni ndugu wa karibu wa Kiarabu cha Juba na kimeazima maneno mengi ya Kiswahili. Basi njia hii ya lugha ni ya zamani kuliko lami yake.

Katika karne ya 20 vita viliipitisha njia hiyo watu wengi. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliwarudisha nyumbani wakimbizi kutoka Uganda. Kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 kukawaleta Waganda wa kaskazini-magharibi wakikimbilia Sudani. Vita vilivyoanza tena mwaka 1983 vikawatoa Wasudani Kusini kwenda Uganda na Kenya. Kambi ya Kakuma nchini Kenya ilianzishwa mwaka 1992, na watoto waliosoma huko kwa mitaala ya Kenya walikisoma Kiswahili darasani.

Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, mafundi, wachuuzi na waendesha pikipiki walipanda kutoka kusini kufuata riziki Juba. Walikuja na neno boda boda, lililozaliwa katika miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizowavusha watu toka mpaka hadi mpaka. Nchi ikajitawala tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2012 lami ya barabara ya Nimule, yapata kilomita 192, ikakamilika. Mwaka 2013 serikali iliamuru kwamba kazi ya boda boda iwe ya raia pekee. Wageni wengi wakaondoka, lakini neno boda boda halikuondoka nao.

Hivyo gereji ya Juba ni mahali ambapo mito miwili ya maneno huungana. Kiarabu cha Misri na Sudani huiita breki faramil. Kiswahili husema breki, neno lililotoka Kiingereza na likazoea irabu zetu. Kiarabu cha Juba ndicho lugha kuu ya mitaa ya mji, wala Kiswahili hakidai kiti hicho. Lakini kipo, na aghalabu kipo mahali penye mafuta na vumbi.

Lugha ya mlio

Jina pikipiki lenyewe ni mwigo wa sauti. Kadhalika tukutuku, jina lake jingine. Kiswahili kimejaliwa vitenzi vingi vya sauti, na fundi hodari huvitumia kama daktari atumiavyo dalili. Anayesema tu kwamba breki ina kelele hajasema kitu. Yatupasa kuuliza: inafanya nini?

Ikiwa breki inalia, yaani inatoa sauti nyembamba na kali, sababu aghalabu ni kwamba bitana imeungua kwa joto na kuwa laini kama kioo, au vumbi limejaa ndani ya dramu. Bitana hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara nyingi mno kwa nukta moja, na dramu hutetemeka. Ni kama upinde wa zeze juu ya uzi: usingekuwapo mkwaruzo wa kushika na kuachia, zeze lisingelia.

Ikiwa inakwaruza, jambo ni zito zaidi. Ama mchanga umeingia, ama bitana imekwisha na chuma kinakula chuma. Pikipiki hiyo isiendeshwe tena mpaka ifunguliwe.

Ikiwa inadunda kwa kipimo, mara moja kwa kila mzunguko, dramu imepoteza uduara wake. Katika pikipiki za zamani zenye spoki, kosa hutokana mara nyingi na spoki zilizokazwa bila usawa, maana zinaweza kuivuta dramu upande mmoja.

Ikiwa inaguna kwa sauti nene, pengine kamu imekauka bila grisi au beringi za gurudumu zimelegea. Na ikiwa inagongagonga hata isipokanyagwa, springi za kurudisha viatu zimechoka.

Tazama, basi: kulia, kukwaruza, kudunda, kuguna, kugongagonga. Vitenzi vitano, magonjwa matano. Mwanafunzi anayevitofautisha amejifunza Kiswahili na ufundi kwa wakati mmoja.

Namna ya kuinyamazisha

Kwanza gurudumu hutolewa na bamba lenye viatu huchomolewa. Vumbi hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Sababu yake ni ya kihistoria. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bitana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zisizoungua. Baadaye ilithibitika kwamba nyuzi hizo zikivutwa pafuni huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, lakini pikipiki kuukuu huweza kuwa bado na viatu vyake vya zamani. Fundi anayepuliza vumbi hilo anaitengeneza breki huku akijiharibu mwenyewe.

Pili, bitana hupimwa. Ikiwa imebaki unene wa milimita 2 au pungufu, viatu hubadilishwa. Ikiwa ingali nene, uso wake uliong'aa husuguliwa kwa msasa hadi ukwaruke, na ukingo unaotangulia kukutana na mzunguko wa dramu huchongwa mshazari kidogo ili usiume ghafla. Tatu, kamu na pini ya viatu hupakwa grisi kidogo, kwa uangalifu mkubwa. Tone likiangukia bitana breki itanyamaza kweli, lakini haitasimamisha kitu. Nne, dramu isiyo ya duara hupelekwa kwa mkerezaji, naye haruhusiwi kuzidisha kipenyo cha mwisho kinachoonyeshwa na mtengenezaji, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Mwisho, wakati wa kurudisha gurudumu, breki hubanwa kwa nguvu huku nati ya ekseli ikikazwa, ili viatu vikae katikati sawasawa.

Wako wanaoridhika kumwagia dramu maji ili kelele ikome. Hukoma kweli, kwa muda, na pamoja nayo hukoma nguvu ya breki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara yenye watoto waendao shule, ukuta huo hujengwa kwa mifupa.

Wajibu wa walimu

Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Kwa hiyo suala la kufundisha Kiswahili Juba si la kinadharia. Hatari iliyopo ni kuanza kama kwamba hakuna kitu. Kumfundisha kijana majina ya samaki wa pwani ambayo hajapata kuyaona, hali kila siku anapita penye breki, tairi, spana na grisi.

Tunalo fundisho katika historia yetu wenyewe. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, lilianza katika miaka ya 1970 kutoa orodha za istilahi katika Tafsiri Sanifu. Kazi hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo istilahi haipati uhai mezani pekee. Hupata uhai inapotamkwa na mtu anayeihitaji. Mwalimu wa Juba awatume wanafunzi wake gerejini na daftari. Waandike kila kifaa kinaitwaje kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kibari, kwa Kidinka na kwa Kiswahili. Waulize ni sauti gani huonyesha ubovu gani. Wakirudi darasani watakuwa na kamusi ndogo iliyopatikana kwa masikio yao wenyewe, na sarufi itapata mahali pa kukaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kifaa kilichobuniwa Ulaya kimefika ukingoni mwa Nili kwa mikono ya watu waliokuwa wakitafuta riziki, na kwamba kilikuja kimebeba maneno. Tumeona pia kwamba kelele yake ni habari, na habari humfaa yule mwenye maneno ya kuitambua. Ikiwa kijana wa Juba anaweza kumwambia fundi kwamba breki yake haikwaruzi bali inalia, yamkini ameokoa fedha, na huenda ameokoa maisha. Hicho ni Kiswahili kilichokwisha kuingia kazini, nacho kinastahili kupokewa darasani.