Ufaidianaji: mgunga na walinzi wake

Ukitoka Kisumu ukaizunguka ghuba hadi Bonde la Lambwe, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ruma utaukuta mgunga mfupi umejishikilia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Upepo ukivuma, mti huo hupiga mluzi. Mluzi unatoka kwenye vifundo vyeusi vilivyo chini ya miiba, vyenye matundu madogo. Ligongegonge tawi. Sisimizi watamiminika, kila mmoja ameinua tumbo lake juu ya mgongo, tayari kuuma.

Wengi hudhani sisimizi ndio wanaosababisha vifundo hivyo. Sivyo. Mti huvivimbisha wenyewe. Wao huvitoboa tu na kuhamia ndani. Kwenye vikonyo vya majani zipo tezi zinazotoa mbochi. Wapangaji wanapewa makao na chakula, na twiga au mbuzi akipeleka mdomo, anaumwa.

Elimu ya viumbe huuita uhusiano huu mutualizimu, neno lililoenezwa na Mbelgiji Pierre-Joseph van Beneden miaka ya 1870. Kwa Kiswahili nimesikia ukiitwa urafiki, mara nyingine ushirika, na yote mawili yananikera. Urafiki unataka moyo. Ushirika unataka watu waliokaa wakakubaliana, kama wakulima wa mpunga wa Ahero. Mimi natetea ufaidianaji. Uzito wote umo katika -an-: huyu anafaidi kwa yule, yule anafaidi kwa huyu, na hesabu inaendelea.

Hesabu hiyo ilionekana waziwazi Mpala, Laikipia, ambako mwaka 1995 watafiti walianza kuwazuia wanyama wakubwa kwa ua wa umeme. Baada ya miaka 10 hivi, migunga isiyoliwa ilikuwa imepunguza vifundo na mbochi: adui hayupo, mshahara wa nini? Walinzi wakadhoofika, sisimizi wa spishi nyingine wakawanyang'anya miti. Hao hawaishi ndani ya vifundo, na mti waliouteka hushambuliwa zaidi na mbawakawa wanaotoboa shina. Miti yao ilikua polepole, na vifo vyake vikawa maradufu ya ile yenye walinzi.

Hao wageni siwezi kuwaingiza katika ufaidianaji. Wamekaribia zaidi kimelea, neno ambalo Kiswahili kililitoa kwenye mmea unaomea juu ya mwenzake.